Uso wa Nadine Kabla ya Arusi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Shituru, Sista Msimamizi alinikabidhi sabuni laini na taulo kabla ya dawa yoyote. "Chunusi haisuguliwi," alisema. "Ukiisugua, unaichokoza." Kisha akanifundisha peroksidi ya benzoili, dawa inayoua vijidudu ndani ya vinyweleo: unapaka kiasi cha punje ya dengu, halafu unavumilia wiki nyingi. Dengu watu walielewa. Kuvumilia kuliwashinda.

Baadaye nilihamia duka la dawa mjini, chini ya Mfamasia Mkuu, mtu asiyependa kelele. Huko ndiko Mama Ngoie wa Kapolowe alikomleta binti yake, Nadine, arusi ya binti ikiwa imekaribia. Binti alikuwa akipaka krimu ya sokoni yenye kortizoni. Hiyo hutuliza uvimbe upesi, lakini uso ukiizoea, ngozi hukonda na chunusi mpya huzaliwa. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Mutupe ile ile, ya nguvu," mama alisema.

"Mama, hii iko naunguza mutoto," nilimwambia.

"Miye niko na arusi, weye unanipa masomo! Bakwe batasema nini?"

Mfamasia Mkuu alisogea. "Hatuuzishe hiyo. Mumupeleke kwa daktari, amusaidie kuiacha pole pole."

Mama alimvuta binti mkono, wakatoka. Nilijua wanaelekea sokoni.

Waliporudi siku chache baadaye, jicho moja la Nadine lilikuwa limevimba hadi kufumba, na homa ilikuwa inamtetemesha. Mfamasia Mkuu alimtazama mara moja tu. "Hapa hakuna krimu. Hospitali, sasa hivi!"

Ndani ya teksi Nadine alinishika mkono. "Nitakuwa kipofu?"

Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Krimu ilikuwa imedhoofisha ngozi, vijidudu vikaingia kwenye chunusi, na usaha ulikuwa umefika kwenye kope. Daktari alipasua uvimbe, akaanza sindano za antibiotiki. Mama Ngoie alikaa kwenye benchi na kiatu kimoja. Kingine kilidondoka njiani, wala hakujua. Siku jicho lilipofunguka, Nadine aliomba kioo. Mama akakificha chini ya kitenge.

"Lete, mama."

Alijitazama, akagusa kidonda chini ya jicho. "Arusi itangoja," akasema.

Ikangoja. Aliolewa mvua zilipoanza, kovu chini ya jicho, bila poda.

Sasa nimestaafu. Wasichana huja kwangu na simu mkononi, kila mmoja ameona krimu ya kumng'arisha kabla ya Jumapili. Siwakemei. Nawauliza tu: nani amekuambia uso wako una haraka?