Trekta Lililotoka Mtoni

Mpaka leo naona aibu kupita mbele ya bwana shamba wetu. Natengeneza baiskeli hapa Dutwa, kwa Mzee Shija aliyenifundisha kazi. Wateja wakipungua, huwa naangalia video ndefu za mtu anayecheza gemu ya kilimo. Siku moja mzee alichungulia simu yangu.

"Shamba la nani hilo?"

Niliogopa kusema kwamba naangalia gemu kazini. Nikajibu, "La mzungu mmoja, mzee. Hebu iangalie video yake, inafundisha sana."

Akaipenda. Kila mchana tulikula tukimjadili yule mkulima, mzee akisifu matuta yake yaliyonyooka. Juzi akamwita bwana shamba naye aje ajifunze. Nilikosa pa kuingia.

Tukiwa tunaangalia, trekta likatumbukia mtoni. Mzee akashika kichwa. Papo hapo likatokea uani kwa yule mkulima, kavu, linang'aa.

Bwana shamba akacheka. "Mzee, hii ni gemu."

Mzee Shija akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua kazi yangu hapo imekwisha.

"Basi acha iendelee," akasema. "Nataka kuona kama atavuna."