Mtu wa Katikati ya Kamba

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Mimi si mlevi, na haya yalinipata mwenyewe, mchana, macho wazi, juu ya milima ya Mbeya.

Ilikuwa miaka ya sabini, reli ikiwa bado mpya. Vijana wa mjini tulikuwa na klabu yetu ya kupanda milima. Watu walituona wendawazimu: mtu mzima anapanda jabali kwa kamba, na wala hana mbuzi aliyepotelea huko! Siku hiyo nilikwenda na Lugano, mdogo wake mke wangu, aliyekuja likizo kutoka Iringa. Hakuwahi kupanda. Mke wangu aliniambia mlangoni, "Nina ndugu huyo mmoja tu. Nirudishie mzima." Nikamwambia aache wasiwasi.

Kileleni tulifika vizuri. Wakati wa kushuka ukungu ukatuvamia, hata viatu vyangu sivioni. Sasa, klabu ilikuwa na sheria: kwenye ukungu mnajifunga kamba moja, asiyezoea anatangulia, mzoefu anabaki nyuma amshikilie akiteleza. Na mkimkuta aliyepotea, mnamfunga katikati. Humwachi mtu mlimani.

Basi tukamkuta mtu. Amekaa juu ya jiwe, koti refu. Nikamsalimia, akasema tu, "Nifungeni na mimi." Nikamfunga kiunoni kwa mikono yangu hii. Koti lilikuwa kavu, ndugu yangu! Sisi tumelowa chepechepe, yeye hana hata tone. Lakini baridi ilishanigandisha akili, na sheria ni sheria.

Tukaendelea kushuka. Mara kamba ikaanza kuvuta kushoto. Njia iko kulia, kushoto ni genge, poromoko tupu. Nikapiga kelele, "Lugano, kulia!"

Akajibu kwa mbali, "Shemeji, si wewe unayeniita huku?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimemwita kushoto! Nikakaa chini, nikakaza miguu kwenye mwamba, nikavuta. Ilikuwa nzito kama nimefunga ng'ombe. Kivuli cha yule mtu kikageuka. Uso sikuuona, ila sauti niliisikia, nayo ilikuwa sauti yangu mwenyewe: "Kata kamba. Utafika nyumbani salama."

Kisu nilikuwa nacho. Niliogopa mpaka nikalia. Lakini ningemwambia nini mke wangu? Nikazidi kuvuta, viganja vinachunika, mpaka ghafla uzito ukaisha na upepo ukafungua ukungu.

Lugano alikuwa ukingoni kabisa, ncha za viatu ziko hewani. Katikati yetu kitanzi kilikuwa kitupu, fundo langu limekaza vilevile.

Nilimrudisha mzima, na mke wangu alishukuru. Lakini tangu siku ile Lugano anaishi kwetu, na ukungu ukishuka mjini huitika, "Nakuja, shemeji," akaanza kutembea kuelekea mlimani. Namshika mkono, namwambia mimi niko hapa, ananitazama kama hanijui. Ana wajukuu sasa, na bado dada yake hulala kizingitini kumzuia.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda huko, usifunge mtu usiyemjua kwenye kamba yako. Na ukiitwa ndani ya ukungu, kaa chini papo hapo. Usiende, hata ukisikia ni sauti ya mama yako.