Mlio wa Waipa ya Baba

Juzi mvua ilitukuta njiani tukitoka Kasulu, na waipa za gari la mwanangu zikaanza kulia: kwii, kwaa, kwii. Mwanangu akasonya, akasema kesho ananunua mipira mipya. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Nilikuwa nimerudi Kibondo, miaka ya sabini, chini ya bati letu, na harufu ya maharage na udongo uliolowa imenijaa puani.

Baba aliyenilea alikuwa dereva wa Landrova ya misheni. Nasema aliyenilea kwa sababu aliyenizaa alibaki Burundi, nami nilivuka mpaka pale Mabamba nikiwa mgongoni kwa Mama, mdogo mno kukumbuka lolote. Kwangu Baba alikuwa huyu: mrefu, mcheshi, ananukia dizeli na sabuni ya mche.

Waipa zake zilikuwa aibu tupu. Mipira ilikauka ikakakamaa, na kila masika gari lilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Wenzangu shuleni waliniuliza leo Baba kapakia mbuzi wangapi. Padre, aliyekaa kiti cha pembeni, alilalamika kwamba hamalizi hata rozari moja. Baba alijaribu kila dawa. Alisugua kioo kwa majivu, akapaka mipira mafuta ya taa, akaupinda mkono wa waipa kwa koleo. Ndiyo kwanza ikalia zaidi.

"Iache tu ilie, Baba Domitila," Mama alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Inakukera nini?"

Tulidhani anamtania. Lakini mvua ilipopiga bati na gari likanguruma barabarani, Mama alisimama wima, mwiko mkononi, hata akiwa katikati ya maneno. Kwii ikisikika, alirudi jikoni kubandika maji ya ugali.

Siku moja Baba alipata mipira mipya Kasulu. Vitu vilikuwa adimu siku zile, alikuwa ameitafuta sana, na alitaka kutushangaza, kwa hiyo akaifunga hukohuko. Alasiri ile mvua ilikuwa ya kumwaga. Tukasikia gari likinguruma, likakaribia, likakata kona kuja kwetu. Kwii haikusikika. Mama alisikiliza kidogo, kisha akamwaga maji juu ya moto, akamnyakua mdogo wangu, akanivuta mkono, tukatokea mlango wa nyuma mpaka katikati ya migomba. Akanilaza kwenye tope na kunilalia juu.

"Hora, mwana wanje," alininong'oneza. Nyamaza, mwanangu. Moyo wake niliusikia ukigonga mgongoni kwangu, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba hata mama huogopa.

Baba alifuata nyayo zetu. "Ni jewe!" aliita, ni mimi, amelowa chapachapa, mikono kaiinua juu. "Ni jewe, Mama Domitila!"

Mama hakutoka haraka. Alipotoka alikwenda kuwasha moto upya.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Baba akifungua mpira mpya wa upande wa padre na kuurudisha ule mkavu. Niliumia kweli. Nikaamini baba yangu ni fundi mbovu, na shuleni nikaendelea kuchekwa. Padre alipouliza kulikoni, Baba alimjibu kwa heshima, "Kuna mtu nyumbani anausikiliza, Padre."

Mwalimu alitufundisha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Niliikariri methali hiyo vizuri mpaka nikapigiwa makofi, na wala sikumwona Mama ndani yake. Alinieleza mwenyewe nilipokuwa mtu mzima. Waliomchukua baba aliyenizaa walikuja na gari, mvua ikinyesha.

"Lilinguruma tu," alisema, "kama magari yote."

Basi nimemwambia mwanangu abadilishe mpira wa upande wake. Wa upande wangu auache ulie.