Saa Moja Kamili Kwenye Phonie

Yaya, dada yangu mkubwa, hanipigii simu. Mimi ndiye nampigia, na aliyesababisha hayo ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli hapa Kamina, na nyumbani kwetu saa haikuwa na mchezo. Ukiambiwa saa moja ni saa moja kamili. Ukichelewa dakika mbili, chai yako imeshanywewa. Yaya akawa muuguzi katika kituo kidogo cha afya, nusu siku kwa pikipiki kutoka mjini. Mimi nikawa fundi wa vyombo vidogo vyenye kompyuta ndani. Nilipopewa kazi ya kutengeneza kisanduku cha kurekodi joto la friji za chanjo, cha kwanza nilikifunga kwake. Nilijivuna, sifichi.

Kisanduku kilipima joto, na kila saa, saa ikitimia kamili, kiliandika kipimo katika hifadhidata kwenye kadi yake ndogo. Programu niliiandika mimi. Wiki tatu kilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja faili ikaharibika, vipimo vya usiku mzima havikusomeka. Siku mbili shwari, ya tatu ikaharibika tena. Bila vipimo hakuna ajuaye kama chanjo zilipata joto, na chanjo ya mashaka humdungi mtoto wa mtu. Zikatupwa. Akina mama waliotembea mbali na watoto mgongoni wakarudishwa, na wa kuwarudisha alikuwa yaya.

Nilibadilisha kadi. Nikabadilisha nyaya. Nikaisoma programu yangu mstari kwa mstari, wapi. Yaya alikuwa na kawaida ya kunisalimia mara mojamoja kwa phonie, redio ya mawasiliano ya kituo, iliyotumia betri ileile ya sola iliyoendesha kisanduku. Sasa nikamwomba aniite ofisini kila asubuhi anisomee kisanduku kinasema nini. Akaita kila siku, saa moja kamili, binti wa baba yake. Makosa yakaongezeka.

"Mudogo," akaniambia siku moja, "ile kasanduku inazimikaka wakati minyi niko nakuita. Naona taa yake inakufa, kisha inawaka."

Nikacheka. Nilicheka kweli, na vituo vingine vikisikia. "Yaya, kasanduku haiyue mambo ya phonie. Angalia bantu wako, pengine iko mwenye anatoshaka waya ya kasanduku juu ya kuchaji telefone."

"Hapa hakuna muntu anatoshaka waya."

"Mashini haidanganyake, yaya."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Ofisi ikataka ripoti. Niliandika kwamba chombo ni kizima, na kwamba huenda umeme unakatwa kwa mkono. Jina lake sikuliandika. Hakukuwa na haja, maana ufunguo wa chumba kile ulikuwa na mtu mmoja tu. Wakamwondoa kazini. Akaenda kijijini kwa ndugu za mama kulima muhogo, yeye na uuguzi wake wa miaka yote ile.

Na makosa yakakoma. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Yalikoma tangu alipoondoka, na mimi niliyebebwa mgongoni mwake, nikaamini kweli kosa lilikuwa lake.

Muuguzi aliyekuja baada yake hana habari na saa. Huita kwa phonie akishakunywa chai, akijisikia. Lakini mvua ziliporudi, asubuhi moja mama mmoja alikuwa anajifungua vibaya, naye akaita saa moja kamili akiomba gari. Mawingu yalikuwa yamefunika siku nne na betri ilikuwa chini. Mchana akaita tena: mama na mtoto wazima, ila faili imeharibika.

Nilikaa chini. Ukisema kwenye phonie, inavuta umeme mwingi. Betri dhaifu inalegea kidogo, kisanduku kinazimika, kisha kinawaka. Kikizimika wakati mwingine wowote hakuna neno. Kikizimika katikati ya kuandika, faili inavunjika. Kilikuwa kinaandika saa ikitimia kamili kwa sababu niliyekipanga ni mtoto wa reli. Na yaya aliita saa ikitimia kamili kwa sababu hiyohiyo. Aliita kwa kuwa nilimwomba.

Nilikipa kisanduku betri yake chenyewe. Kazi ya nusu saa, Mungu wangu. Kisha nikapanda pikipiki hadi kijijini, nikamkuta anamenya muhogo, nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Aliweka kisu chini.

"Njo kusema, ni kukuita kwangu njo kulikuwa kunaharibu?"

"Hapana, yaya. Ni kazi yangu minyi."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Niliandika ripoti nyingine, safari hii jina lake nikaliweka juu kabisa. Ofisi ikajibu kwamba nafasi imeshapata mtu.

Nilimpelekea simu. Yeye haipigi kamwe. Nampigia mimi kila Jumapili, saa moja kamili asubuhi, naye hupokea kabla haijalia mara ya pili. Anauliza watoto, ananiambia habari za mvua. Halafu, sijashiba hata sauti yake, ananiambia yaleyale:

"Tukate sasa, mudogo. Kintu isiharibike kule kwako."