Tarumbeta Lililomrudisha Radojko Wodini

Ukungu bado umeng'ang'ania miti ya plamu, lakini uwanja wa Radojko Stanišić umeshajaa watu. Mwanakondoo anageuzwa juu ya makaa, wanawake wanapishana na sinia za keki, na Milojko, mpiga goma, anajaribu ngozi kwa vidole. Radojko, mwenye miaka hamsini na nane, amesimama karibu na mlango akiwa na tarumbeta mkononi. Pembeni yake mkewe, Desanka, amekumbatia mto wa kulalia.

"Ukinicheka leo, bendi utatafuta nyingine," Radojko anamwambia Milojko.

"Nani kacheka? Mimi nauliza tu, huo mto ni wa maharusi au wako?"

Uwanja mzima unaangua kicheko.

Leo anaolewa Nevena, binti yao wa pekee. Huku kwao bi harusi havuki kizingiti bila tarumbeta kumtoa, na Nevena aliapa hatatolewa na pumzi ya mtu mwingine zaidi ya baba yake. Harusi imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ngiri ya baba yake, na ubishi wake.

Radojko anakula kwa tarumbeta tangu ujana. Kiangazi hupiga harusini, na noti za pesa anazotuzwa kwa kubandikwa kwenye paji la uso ndizo zinazonunua kuni na unga wa majira ya baridi. Mwaka jana ngiri ilimzidi, akapasuliwa katika hospitali ya mjini. Mambo yalikwenda vizuri. Akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa onyo kwamba asibebe kitu kizito, na asipulize.

Kumbe bendi yake inamsubiri langoni! Wenzake wakampigia wimbo wa kumkaribisha, na kwa wapiga tarumbeta wa huku, ukipigiwa lazima ujibu. Ukikaa kimya umewatukana.

"Ubeti wa kwanza nilivumilia," anasema. "Wa pili ukanishinda. Ee bwana, ile imo damuni! Nikamnyang'anya mwenzangu tarumbeta, nikapanda mpaka sauti ya juu kabisa. Hapo nikasikia kitu kinaachia tumboni, pa!"

Watu wakashangilia. Yeye akatabasamu, akaenda chooni, akakuta bandeji imelowa damu.

Hakumwambia mtu. Akawa anakimiminia kidonda rakija ya plamu huku akisaga meno, akiamini pombe inayochoma koo namna ile haishindwi na uchafu wowote. Kidonda kikavimba, kikatunga usaha. Asubuhi moja Desanka akamkuta anachemka kwa homa na kumwita mama yake marehemu.

"Nikamwambia, Baba Nevena, yaani ufe kwa kuogopa kuitwa mjinga?" anasimulia Desanka. "Nikamtupa garini kama gunia la viazi."

Daktari Tijana, aliyempasua, alipofunua bandeji alikaribishwa na harufu ya rakija. "Mzee Radojko," akasema, "tumbo nilikushona. Mdomo ndio nilisahau."

Akafunguliwa upya, akasafishwa, akalazwa wiki kadhaa. Maumivu aliyaweza. "Ila daktari alisema nikikipasua kidonda tena, tarumbeta basi. Nikamwona kichwani Nevena siku ya harusi anatoka kwangu kimyakimya. Nililia, sikufichi."

Safari hii alitii. Msimu mzima wa harusi ukampita, nyumba ikaishi kwa jibini la Desanka. Aliporuhusiwa mara ya pili, bendi ilimpungia kofia tu. Juzi daktari alimpima akamkubalia wimbo mmoja, polepole, mto ukikandamiza tumbo.

Mlango unafunguka. Nevena anatokeza katika gauni jeupe.

"Baba, usijikaze. Wimbo ukikatika katikati, mimi natoka tu."

"Nyamaza wewe, nisije nikalia kabla sijaanza."

Anapuliza. Desanka anamkandamizia mto tumboni kwa mikono miwili. Wimbo unapanda, unaikaribia ile sauti ya juu iliyomrudisha wodini. Milojko ameacha goma. Hakuna anayetafuna.

Radojko anaondoa tarumbeta mdomoni kabla hajaifikia.

Na Nevena, papo hapo mlangoni, anaidaka ile sauti kwa koo lake mwenyewe, anaishikilia, anavuka kizingiti nayo. Uwanja unalipuka! Vigelegele, goma, kofia hewani, na baba mtu analia waziwazi.

"Mjukuu akizaliwa," anasema akifuta machozi kwa kiganja, "hiyo ya juu naipanda mwenyewe."

"Daktari akikubali," anajibu Desanka. Mto bado hajauachia.