Samaki Aliyeandikwa Marehemu

Siku moja, ku gishe, ku dirisha ya tikiti za treni ya Sakania, mustari haukusogea, na hakuna mutu aliyekasirika. Karani alikuwa ameacha tikiti, anatusomea gazeti kwa sauti.

"Samaki wa chini kabisa ya bahari, kwenye mawe, fasi jua haifike!" Akagonga picha kwa kidole. "Mapezi yake ni kama miguu. Bazungu ba elimu balijua mifupa yake tu ndani ya mawe, bakaandika: alishakufa zamani, kabla bantu hawajazaliwa. Sasa bamemuvua muzima!"

Mustari ukavunjika. Tulisukumana tuone. Mama mumoja akapiga makofi: "Yesu! Na alikuwa wapi?"

Muzee mumoja wa mine, wa kazi ya chini ya udongo, akacheka hadi akakohoa.

"Sisi kila mutu anashuka na kibao chake cha numero. Akipanda, anakirudisha ku musumari. Siku moja mawe yalinifungia njia, siku mbili. Ku nyumba balianza kilio, muke wangu akanyoa nywele. Kapita, mukubwa wetu wa kazi, akaangalia musumari wangu: hauna kibao. Akabaambia: 'Hajakufa. Hajapanda. Tushuke!'"

Akageukia karani, mukono ku kifua. "Huyu samaki, baba, nani aliangalia musumari wake?"

Karani akakunja gazeti, akarudia tikiti. Mimi nilipanda treni nikicheka peke yangu. Tangu hapo, mutu wa ofisi akiniambia kitu fulani hakiko tena, namuuliza: "Ulishuka?"