Moffat na Leso Tano

Ndugu yangu Moffat ana kichwa kigumu, na mimi Watiri, dada yake, nimekipigia kelele tangu tukiwa wadogo hapa Wamagana. Miaka minne iliyopita wazee wa Ilyas, mchumba wa Shiku, binti ya Moffat, walitoka Nyeri mjini wakaja kumposa. Wasichana walishafunikwa leso ili mchumba amtambue wake, chai ilishachemka. Moffat akafunga geti. "Hakuna msichana wa kuolewa na Mwislamu hapa!" Shiku akatoka chini ya leso yake, akawafuata wageni. Hajarudi.

Majuto ni mjukuu. Mwaka huu Moffat alisikia Shiku anaimba katika kundi la mwalimu Mathenge, akajipeleka kujiunga nao. Walikuwa wakitayarisha opera ya Kiitaliano, kichekesho cha zamani ambacho hata huko kwao hakichezwi sana: mzee tajiri anataka bibi mdogo, anachezewa shere. Mathenge aliigeuza ikawa ruracio, posa yetu ya Kikuyu. Wanawake watano wanafunikwa leso, mzee anamtafuta mchumba wake, anakosea, tunacheka. Moffat, mwimbaji wa besi kanisani, akapewa nafasi ya huyo mzee. Shiku alikubali kwa sharti moja tu: baba asimsemeshe.

Wiki sita! Alikuwa akikariri Kiitaliano huku akikamua ng'ombe. Alikonda mpaka suruali ikamhama. "Watiri, nikimkosa hapa nimemkosa kabisa," aliniambia huku analia. Nilimhurumia, ingawa alistahili kuchapwa.

Mazoezini Shiku alikuwa wa pili kwenye mstari kila siku. Wa nne alikuwa Beth, nyanya wa miaka sabini, na ndiye ambaye mzee alipaswa kumchagua kwa kukosea. Jumamosi mchana ukumbi ulijaa, nami nikakaa mbele. Moffat akawakagua wote, mmoja mmoja, akiinama na kuimba. Alipofika kwa wa nne, mtu akakohoa chini ya leso. Watu wakacheka. Akaendelea hadi wa tano.

Kisha akarudi kwa wa pili, akapiga magoti. Kiitaliano kikaisha.

"Shiku, mama, nisamehe. Rudi nyumbani. Kuja na bwana yako."

Wee! Ukumbi ulivunjika mbavu, walidhani ni mchezo. Leso ilikuwa inatetemeka. Moffat akaifunua.

Alikuwa Beth, macho yamejaa machozi. Watu wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele. Ndugu yangu alibaki palepale, magotini.

Nilikimbia nyuma ya jukwaa na hasira zangu zote za shangazi. Shiku alikuwa anakunja leso yake.

"Una roho gani, wewe? Umebadilishana nafasi na Beth ili umwaibishe babako? Hukusikia akikuomba msamaha?"

"Nilisikia akimwomba Beth," akasema. "Nilitaka tu kuona kama atanijua, Tata. Alisimama mbele yangu. Hata nikakohoa. Akanipita."